Gari likifunguliwa uani, watoto wawe wapi?

Magari mengi yanayopeleka watoto shule Dar es Salaam yamekula chumvi nyingi kuliko watoto wenyewe. Toyota IST iliyotoka kiwandani Japani mwaka 2004 ilitembea barabara za huko kwa miaka kadhaa kabla ya kupanda meli, ikashushwa bandarini, ikapewa namba mpya, na leo inabeba madaftari asubuhi, gunia la mkaa mchana na mgonjwa wa jirani usiku. Gari la umri huo halifi siku moja. Linadai kidogo kidogo: leo plagi, mwezi ujao mkanda, baada ya hapo pampu, na kila dai linakuja wiki ileile ambayo shule imetuma ujumbe wa ada.

Ndiyo maana Jumamosi, ukipita Kimara, Tabata au Mbagala, utaona boneti zimeinuliwa kwenye nyua za watu wasio mafundi. Karani, mwalimu, muuza duka. Wamenunua spea wenyewe Kariakoo, wameangalia video kwenye simu usiku kucha, wameazima boksi la spana kwa jirani. Wapo wanaobana fedha ya ufundi. Wapo waliowahi kuacha gari gereji likiwa na kifaa kizima wakarudishiwa likiwa na kilichochoka, na tangu siku hiyo hawamwachii mtu ufunguo. Na wapo, ukweli usemwe, wanaopenda tu. Baada ya wiki nzima ya kuamrishwa na wakubwa, kukutana na nati iliyogoma na hatimaye ikakubali kulegea ni raha ya peke yake.

Hakuna ubaya hapo. Shida ni kwamba uani ndiko pia watoto wanakochezea, nguo zinakoanikwa na jiko la mkaa linakowashwa. Na injini ikifunguliwa hutoa vitu ambavyo nyumba ya kawaida haijazoea kukaa navyo.

Familia moja ya Kimara imelijua hilo kwa njia ngumu. Baba ni mwalimu wa fizikia sekondari, mama ni fundi cherehani. Wana binti wa darasa la tano, mvulana wa darasa la kwanza, na kitinda mimba ambaye hajatimiza miaka miwili, yuko katika umri ule wa kuionja dunia kwa mdomo. Siku hizo bibi yao, mama mzazi wa baba, alikuwa amekuja kutoka Moshi kutibiwa macho.

IST yao ilianza kuchemsha kwenye foleni ya Ubungo. Baba alipoinua boneti nyumbani aliona ukoko wa rangi ya waridi, mfano wa chumvi iliyokauka, chini ya pampu ya maji, ile ambayo mafundi huiita wota pampu. Kazi yake ni kuzungusha kulanti, yale maji ya rangi yanayopoza injini, kutoka kwenye injini kwenda kwenye rejeta na kurudi. Ndani yake kuna sili, na sili ikichoka maji huanza kuchuruzika kwenye tundu dogo lililowekwa makusudi ili mwenye gari aone na ashituke. Pampu ikifika hapo haizibwi kwa gundi. Inabadilishwa.

Alikuwa ameshajikongoja miezi miwili kwa kuongeza maji ya bomba kila asubuhi. Isitoshe, fundi mmoja wa zamani alikuwa ameitoa thamostati akaitupa, kwa hoja kwamba nchi ya joto haihitaji kitu hicho. Hoja hiyo ni maarufu sana mitaani na si sahihi. Thamostati ni mlango unaobaki umefungwa mpaka maji ya injini yafike nyuzi joto 80 hivi, kisha unafunguka. Bila mlango huo injini huchelewa kupata joto lake la kazi, hunywa mafuta zaidi na huchakaa kabla ya wakati, liwe Dar es Salaam au Sapporo. Mwalimu wa fizikia hakuhitaji kuelezwa. Alinunua pampu, gasketi yake, thamostati na galoni la kulanti mpya, akapanga Jumamosi.

Uamuzi wenyewe ulikuwa wa busara. Gari likiachwa liendelee kuchemsha, silinda hedi, ambayo ni ya aluminiamu, hupinda, gasketi yake huungua, na maji hupenya kwenye oili mpaka oili inageuka rangi ya chai ya maziwa. Hapo gharama si ya pampu tena. Familia nyingi hulipaki gari hapo na kuanza kupanda daladala.

Asubuhi ile alifanya karibu kila kitu vizuri. Alingoja injini ipoe kabisa kabla ya kugusa kifuniko cha rejeta, maana mfumo ule hufanya kazi kwa shinikizo, maji yake huweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka, na anayefungua kifuniko kingali cha moto hurushiwa mvuke na maji usoni. Mvulana wake alitaka sana kukizungusha yeye. Baba alimwambia asubiri mpaka aweze kuushika mpira wa rejeta na kuhesabu hadi 20 bila kuungua. Akasubiri, akahesabu, akafungua. Alitamba siku nzima.

(Na mtoto akiungua kwa mvuke au maji ya moto, huduma ya kwanza ni maji baridi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, yai bichi na unga huongeza kazi ya muuguzi anayekuja kusafisha kidonda.)

Ilipofika kumwaga kulanti ya zamani, baba aliomba beseni. "Beseni la nguo za mtoto? Hapana, baba watoto," mama alisema bila kuinua macho kwenye cherehani. Hakutaka kumwaga ardhini kwa sababu ya kuku wa jirani. Basi akakata chupa moja ya maji ya kunywa akaifanya faneli, akajaza nyingine mbili za lita moja na nusu, akazipanga kivulini karibu na tangi la maji mpaka atakapojua pa kuzipeleka. Alikuwa anaepusha madhara. Chupa moja ilikuwa na kifuniko kilichopasuka.

Kulanti ile ina rangi ya sharubati. Ladha yake, kwa bahati mbaya sana, ni tamu.

Bibi, ambaye jicho moja lilikuwa limefungwa bandeji, ndiye aliyeona kwanza. "Jamani, huyu mtoto kashika nini?" Kitinda mimba alikuwa amekaa chini, chupa mapajani, gauni limelowa waridi mpaka kiunoni, midomo inang'aa. Kilichofuata kila mzazi anaweza kukisikia. Bibi akasema aletewe maziwa. Jirani aliyekuja mbio akasema atiwe kidole kooni atapike. Mama akamnyanyua mtoto akamfuta mdomo, akamuuliza, "Umekunywa? Mwanangu, umekunywa?" kana kwamba angejibu. Mtoto alicheka.

Gari la familia lilikuwa limefumuliwa kifuani, halina pampu. Walipanda bajaji ya jirani. Wakati wakubwa wanabishana kuhusu maziwa, binti wa darasa la tano aliingia bajaji ameshika vitu viwili: ile chupa iliyomwagika na galoni la kulanti mpya lenye lebo. Hakuna aliyemtuma. Shuleni walifundishwa kwamba mtu akinywa sumu, chombo chake kiende hospitali pamoja naye.

Daktari aliuliza maswali matatu: amekunywa nini, kiasi gani, saa ngapi. La kwanza lilijibiwa na lebo. La tatu walilikadiria. La pili hakuna aliyelijua, na halijajibiwa mpaka leo, maana kati ya kilichomwagikia gauni na kilichoingia tumboni hakuna aliyekuwa na kipimo.

Kulanti nyingi za magari zina kemikali iitwayo ethilini glaikoli. Yenyewe ikiwa bado nzima mwilini hufanya kazi kama pombe: mtoto anapepesuka, anacheka ovyo, anatapika, anasinzia. Mzazi asiyejua atasema amechoka na jua. Hatari yenyewe hutengenezwa na mwili. Ini huivunja kemikali hiyo kuwa asidi, na mojawapo ya asidi hizo hushikana na kalsiamu ya mwili na kuwa chembechembe ngumu zinazoziba na kuharibu figo. Katika saa 12 za kwanza anaonekana kama mlevi. Baadaye pumzi na moyo huanza kwenda mbio. Figo hufuata, mara nyingi kati ya siku ya kwanza na ya tatu, na hapo mkojo hupungua au hukatika. Mtoto wa kilo 10 anaweza kupoteza maisha kwa kiasi kinacholingana na kijiko kikubwa kimoja cha kulanti isiyochanganywa na maji.

Jina la kemikali hiyo lilishatajwa kwenye habari za Afrika kwa sababu isiyo na uhusiano na magari. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu dawa za maji za watoto zilizokutwa nchini Gambia zikiwa na ethilini glaikoli na ndugu yake daiethilini glaikoli. Watoto zaidi ya 60 walikuwa wamekufa, figo zao zikiwa zimeshindwa kazi. Wazazi wale hawakuwa na chupa ya gereji nyumbani. Walikuwa wamenunua dawa.

Ndiyo sababu hospitali haimrudishi nyumbani mtoto wa aina hii kwa kuwa tu anacheza. Zipo dawa za kulizuia ini lisiivunje kemikali hiyo, na ipo mashine ya kusafisha damu, lakini zote hutegemea mtoto afike mapema, na mashine haipo kila hospitali. Kumtapisha hakusaidii. Maziwa hayabadilishi kitu. Kinachosaidia ni kuwahi, na kufika na chombo.

Walilazwa. Mkojo ulipimwa, damu ilipimwa asubuhi, ikapimwa tena jioni, na siku iliyofuata vilevile. Kitanda cha pili palikuwa na mvulana wa miaka mitatu aliyekunywa mafuta ya taa kwenye chupa ya soda. Alikuwa anapumua haraka haraka, mbavu zinaingia ndani, oksijeni puani. Mama yake alikuwa amemtapisha. Mafuta ya taa na petroli hayaui hasa kupitia tumboni. Ni mepesi, yanateleza, na yakipanda kooni kwa kutapika hupata njia ya pili ya kuingia mapafuni, ambako hata kiasi kidogo huunguza. Mtoto aliyekunywa petroli asitapishwe na asilazimishwe kunywa maziwa. Akikohoa, akipaliwa au akianza kusinzia, tayari kuna yaliyoingia. Hata asipokohoa, anahitaji kuangaliwa na wataalamu kwa saa kadhaa.

Baba alikaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya vitanda hivyo viwili usiku mzima. Alijua anavyotoa petroli kwenye tangi anapotaka ya kuoshea vifaa: mpira mmoja, mdomo wake mwenyewe, anavuta, anatema. Wanaume wengi hufanya hivyo mbele ya watoto wao, na mtoto hujifunza kwa kuangalia. Siku hizi kuna pampu ndogo ya mkono ya plastiki inayouzwa kwenye maduka ya spea. Aliinunua kabla hajanunua kitu kingine.

Majibu ya figo yalirudi mazuri Jumatatu. Daktari alisema huenda mtoto alilamba tu, na huenda pia ile miezi miwili ya kuongeza maji ya bomba ilikuwa imeizimua kulanti sana. Kosa la kiufundi, yaani, huenda ndilo lililookoa. Hakuna mzazi anayetaka kulitegemea.

Nyumbani gari lilikuwa palepale, boneti juu. Wiki hiyo watoto walikwenda shule kwa daladala na mama hakusema neno kuhusu gari mpaka Alhamisi usiku.

Alipolisema, hakusema liuzwe wala lipelekwe gereji. Mafundi walishaulizwa, na fedha iliyotajwa ilikuwa ile ya vitabu vya muhula. Alisema hivi: siku gari linafunguliwa, kitinda mimba na bibi wanakwenda Mbezi kwa shangazi yao kabla nati ya kwanza haijalegezwa, na hawarudi mpaka uani pafagiliwe. Na chochote kinachotoka kwenye gari hakiingii kwenye chombo kilichowahi kukaa jikoni. Baba alijaribu kueleza kwamba ataziandika chupa kwa kalamu nzito. Mama alimuuliza kitinda mimba anasoma darasa la ngapi.

Mama alikuwa na haki, na kuna jambo moja zaidi ambalo wengi hulisahau. Sufuria, bakuli au kikombe kilichokinga oili au kulanti hakirudi kwenye chakula hata kikioshwa mara tatu. Hata mtu mzima ameshazoea kwamba chupa ya maji ni ya maji. Mgeni mwenye kiu hasomi kwanza.

Jumamosi ya pili kazi iliendelea. Pampu ya IST imebanwa upande wa kulia wa injini, na njia rahisi ya kuifikia ni kuondoa gurudumu la mbele la kulia na kuingiza mkono kutoka pale. Jeki ikainua, baba akasukuma tofali la saruji chini ya gari. Binti, aliyekuwa mpitisha spana, aliinama. "Baba, hili tofali lina ufa."

Ufa ulikuwepo. Tofali la saruji linabeba ukuta miaka na miaka kwa sababu uzito umesambaa. Likiwekewa gari kwenye sehemu moja ndogo linaweza kuvunjika ghafla bila kuonya, na jeki nayo ni ya kuinulia, si ya kuegemea. Watu wazima wamekufa kwa hilo. Kinachotisha zaidi ni kwamba watoto wadogo hupenda kutambaa kumfuata baba chini ya gari, kumpelekea maji, kuona anachoona. Baba alikwenda kuazima stendi mbili za chuma kwa fundi wa mtaa wa pili, akaweka gari juu ya ardhi ngumu, akaweka kigingi nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini, na lile gurudumu alilolitoa akalilaza chini ya ubavu wa gari. Likianguka, liangukie tairi. Kisha akachora mstari wa chaki kulizunguka gari, na mvulana akaambiwa upande wake.

Mvulana hakukosa kazi. Alipewa kipande cha boksi la viatu kilichochorwa umbo la pampu, na kila bolti iliyotoka aliichomeka mahali pake kwenye mchoro. Anayeanza kujifunza kuhesabu hawezi kupata somo bora. Akajifunza pia kwamba kwenye injini ya Toyota spana namba 10, 12 na 14 hufungua karibu kila kitu, na kwamba ya 10 ndiyo inayopotea. Binti yeye alisoma kwenye simu ya baba jinsi ya kukaza: bolti ndogo za pampu zinakazwa kidogo kidogo kwa kupokezana pande, bila kutumia nguvu zote, maana aluminiamu hukatika ridi upesi na bolti iliyokatikia ndani ya injini huugeuza mchana wa Jumamosi kuwa wiki. Bibi huwa anasema kazi hizo si za msichana. Bahati nzuri alikuwa Mbezi.

Gasketi ya zamani iling'ang'ania kwenye chuma. Hapa kwenye magari ya zamani zaidi kuna la kuangalia: gasketi, sahani za klachi na viatu vya breki vya miaka ya nyuma vingine vilitengenezwa kwa asibesto, na vumbi lake likivutwa hukaa mapafuni miaka mingi kabla ya kuonyesha madhara. Kifaa chenye shaka hakipigwi msasa kikavu wala kupulizwa kwa mdomo. Kinaloweshwa maji, kinakwanguliwa polepole, na takataka zinafungwa kwenye mfuko. Nguo za kazi hizo hazifuliwi pamoja na nepi. Baba alikwangua kwa plastiki, akafuta kwa kitambaa chenye petroli kidogo mbali na jiko, akakianika kitambaa hicho juu ya ukuta kabla ya kukitupa. Mikono aliosha kwa mafuta kidogo ya kupikia, sukari na sabuni. Kuosha mikono kwa petroli hukausha ngozi na kuipitisha mwilini, halafu mkono huohuo unamlisha mtoto.

Pampu mpya ikakaa, thamostati ikarudi nyumbani kwake, kulanti mpya ikamiminwa. Zikabaki dakika zinazoonekana salama kuliko zote. Mfumo wa maji ukijazwa upya hubaki na hewa ndani, na ili itoke injini huachwa inanguruma mpaka ipate joto, thamostati ifunguke na feni ianze kuzunguka. Inaweza kuchukua dakika 20 au zaidi. Nyumba nyingi za Dar, bomba la moshi wakati huo linatazama dirisha la chumba cha kulala, na dirisha lina wavu tu.

Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na chembe nyekundu za damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshikamana nazo. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, uchovu na kizunguzungu. Katika nchi hii mtoto mwenye dalili hizo anapewa kipimo cha malaria kwanza, kinakuja hasi, na hakuna anayefikiria gari lililonguruma dirishani. Ndani ya banda lililofungwa gesi hiyo inaua, hata mlango ukiachwa wazi kidogo. Baba na jirani walilisukuma gari mpaka nje ya geti, likageuzwa, bomba likatazama barabara. Ndipo wakawasha.

Feni ilizunguka. Hakuna tone lililochuruzika. Waliangalia tena baada ya kuzima, na tena asubuhi injini ikiwa baridi, wakaongeza kulanti kidogo kama inavyotakiwa.

Lilibaki suala la betri ya zamani, iliyokuwa imeegemea ukuta nyuma ya jiko tangu mwaka jana. Kuna kijana hupita mtaani akinunua vyuma chakavu, na wapo wanaozivunja betri uani ili wauze risasi peke yake. Mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar nchini Senegal, watoto 18 walikufa kwa sumu ya risasi pale ambapo watu walikuwa wakivunja betri za magari na kuchekecha udongo wake kutafuta mabaki. Udongo uliingia majumbani, kwenye nguo na kwenye vidole vya watoto. Risasi ndogo isiyoua hudhuru ubongo unaokua, na mzazi ataona tu kwamba mtoto hashiki masomo. Betri nzima, isiyovuja, ikiwa wima, irudishwe kwa muuzaji anayepokea za zamani. Baba alifanya hivyo Jumatatu, akapunguziwa kidogo kwenye bei ya plagi.

Zile chupa za kulanti chakavu zilimiminwa kwenye kidumu kigumu chenye kifuniko cha kubana, kikafungiwa stoo kwa kufuli mpaka fundi wa mtaa wa pili alipokubali kukipokea pamoja na oili chafu anayoikusanya. Wengi hiyo oili huipaka kwenye mbao kuzuia mchwa, wengine kumpaka mbwa mwenye upele, na mbwa huyohuyo analala na watoto barazani. Ina mabaki ya metali na kemikali za kundi linalohusishwa na saratani. Fundi ana pipa lake.

Plagi zitabadilishwa mwezi ujao, injini ikiwa baridi. Binti ameomba afungue ya kwanza mwenyewe, na shangazi wa Mbezi ameshaambiwa tarehe. Kitinda mimba mzima, anakojoa vizuri, na bado anaonja kila kitu. Wiki iliyopita ilikuwa sabuni ya unga.